“Napajua Niliposimama” na Dhana Nyingine Zinazoharibu Picha za Mikoko

Wiki iliyopita nililetewa tena picha mbili za kuchapisha, moja ya kabla na moja ya baada. Kijana wa kikundi kimoja cha kupanda mikoko upande wa Mida aliziweka juu ya kaunta yangu hapa Malindi, akangoja nimsifu. Ya kwanza ilikuwa tope tupu, mstari wa miche, na bahari nyuma. Ya pili ilikuwa kijani kitupu hadi ukingo wa juu. Nikamuuliza kama ni mahali pamoja.

“Fundi, napajua niliposimama. Ni pale penye ngalawa.”

Nikaitazama ya pili. Ngalawa haimo. Ilikuwa imekwenda kuvua.

Hiyo “napajua” nimeisikia kwa watu wa Mida, wa mdomo wa Sabaki, hata kwa wageni wangu kutoka Lamu, ambako ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Basi niseme mara moja: hupajui. Mchanga huhama, vijifereji hujipinda, na mche ulioufanya alama mwaka huu, baada ya miaka mitatu ni mti unaokuziba macho. Mara nyingi hata mpiga picha mwenyewe hayupo tena, kapata kazi Mombasa, na aliyeachiwa kamera anaambiwa “ni huko huko”. Wengine hunionyesha jipiesi ya simu. Simu hata mahali peupe hukosea mita 5 hivi, na chini ya majani hukosea zaidi. Kama miche iko mita 10 mbele yako, umeshakosea nusu ya masafa.

Kinachotakiwa ni kigingi. Kisiwe cha boriti ya mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, hicho kitaishia jikoni kwa mtu. Chukua paipu la plastiki, lijaze zege, lichimbie pahali pagumu yasipofika maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Penye mwamba, rangi kidogo juu ya jiwe inatosha. Kamera ikae juu ya kigingi hicho kila mara, urefu ule ule. Soma dira, andika inakoelekea lenzi. Na ndani ya fremu kuwe na kitu kisichohama: mbuyu, jiwe, paa la nyumba. Chombo cha baharini si alama!

Zumu nayo iachwe kwenye upana wa mwisho kabisa. Sababu yangu ni ya uvivu: hapo ndipo mahali pekee unapoweza kuirudisha mwakani bila kubahatisha. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi aandike milimita za lenzi aliyotumia. Yule kijana kumbe picha ya pili aliipiga akiwa nyuma zaidi, kisha akavuta. Ukirudi nyuma ukavuta, miche iliyoachana mita nzima hubanana ikawa ukuta. Hakukusudia kudanganya, najua, lakini mfadhili anayezitazama akiwa Nairobi au Ulaya atajuaje?

Siku ya kurudi, nenda na ile picha ya kwanza ikiwa imechapishwa, ndani ya mfuko wa plastiki. Iinue mbele ya macho, funga jicho moja, sogea mpaka ncha ya jiwe la kwenye karatasi ikutane na tawi lile lile la mlilana, ile aina ya mkoko inayoota mbele baharini, kama ilivyokutana siku ile. Nikiwafundisha watu, hapo ndipo huanza kucheka, kwa sababu karibu wote hujikuta wamesimama kando, hatua tano sita.

Kuna na suala la maji. Watu wamesoma mahali kwamba picha nzuri ni za alfajiri, jua likiwa chini. Kwa harusi, sawa. Kwa mikoko ya pwani hii, siku za bamvua maji hukupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano za asubuhi. Ukifika saa kumi na mbili na nusu na mwanga wako mtamu, miche imezama shingoni, na kwenye picha itaonekana imekufa au haikupandwa. Muulize mvuvi yeyote: siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, tope lote liko wazi. Piga siku hizo kila mara, saa hizo hizo, na ukilinganisha mwaka kwa mwaka chagua bamvua iliyo karibu na tarehe ya mwaka jana. Jua litakuwa kali, ndiyo. Kama kuna watu wamevaa kofia, washa flashi mchana huo huo, vinginevyo utapata miili isiyo na nyuso.

Wengine huniambia: “Kamera yangu ina megapikseli chache.” Karatasi ya A4 iliyochapishwa vizuri haihitaji hata 9. Projekta ya ukumbini huonyesha kama 2 tu. Kinachokuharibia ni ukungu wa chumvi ya upepo wa kusi kwenye lenzi. Puliza mchanga kwanza, ndipo ufute. Pindo la shati ni msasa.

“Nilikutumia kwa WhatsApp.” Ulinitumia kivuli chake. Programu hiyo huibana picha na kuiondolea taarifa za tarehe na mahali. Itume kama dokumenti, au njoo na kadi.

“Miche iliyokufa haipigwi picha.” Hii huniudhi karibu sawa na ya ngalawa. Mkoko wa aina nyingine uliopandwa mbele kabisa baharini, mahali pa mlilana, mara nyingi hufa, na picha ya mstari uliokufa ndiyo itakayomzuia mwenzako kupoteza mbegu hapo hapo mwakani. Ipige, kutoka kigingi kile kile. Bango la mradi na watu thelathini waliojipanga mbele yake naweza kuishi bila kuliona tena.

“Kamera inaandika saa yenyewe.” Inaandika saa uliyoiwekea. Kikundi kimoja waliiweka Kiswahili: ilikuwa saa tatu asubuhi, wakabonyeza 3:00. Ripoti yao ikaja na picha 40 za watu topeni, jua linawaka, jasho linawatoka, na kamera inaapa kuwa ni saa tisa za usiku.