Je, wajua kwa nini Katiba ya Tanzania inasema "kila mtu" hapa na "kila raia" pale?

Mpaka wa Tanzania na Zambia, kati ya Tunduma na Nakonde, umewagawa Wanyamwanga, kama Mto Songwe kule Kyela ulivyowatenga Wanyakyusa na Wangonde wa Malawi. Shangazi yuko huku, mpwa yuko kule. Tuseme mpwa, raia wa Zambia, amevuka na magunia kumi ya mahindi, kisha akakamatwa upande wetu. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inamlinda? Ukitaka jibu, usianze na neno "haki". Tazama neno lililotangulia: ni mtu au ni raia?

Ibara ya 15 inasema "Kila mtu anayo haki ya kuwa huru". Haikuuliza pasipoti. Kwa hiyo mpwa hawezi kuwekwa ndani ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria, sawa na mtu wa Vwawa au Mafinga. Usawa mbele ya sheria (ibara ya 13), kuishi (14), kutoa maoni (18) na kumiliki mali (24) zote zinazungumzia mtu au watu. Magunia yake yanalindwa kama ya mchuuzi wa soko la Mwanjelwa, Mbeya.

Ukifika ibara ya 17 hali inageuka. Hapo ni "kila raia": kwenda kokote nchini, kuishi sehemu yoyote, kutofukuzwa katika Jamhuri. Mpwa ameachwa nje. Ameachwa pia kwenye kupiga kura (ibara ya 5, kuanzia miaka 18) na kushiriki utawala wa nchi (21). Utangulizi wa Katiba unataja "udugu" kama mmoja wa misingi ya taifa, lakini kwenye dawati la uhamiaji udugu wa shangazi na mpwa haugongi muhuri.

Ibara ya 22 ndiyo inayoumbua dhana kwamba maneno haya yalibadilishwa kwa ladha tu. Ibara ndogo ya kwanza inampa "kila mtu" haki ya kufanya kazi. Ya pili, inayohusu kushika kazi zilizo chini ya Mamlaka ya Nchi, inahamia "kila raia". Mwandishi asiyejali tofauti asingeyatenganisha ndani ya ibara moja.

Kitenzi nacho kina uzito. Ibara ya 12 inasema binadamu wote "huzaliwa" huru. Hiyo hu- ni ya jambo la kila siku, kama tunavyosema mvua hunyesha. Vivyo hivyo "anayo haki", si "atapewa haki". Anayo tayari, kazi ya dola ni kuilinda. Lugha hii inafanana na ya Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu la 1948, ambalo Katiba inalitaja kwenye ibara ya 9. Haki hizi ziliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia Machi 1988.

Wengi hukosea kwa kutosoma mkia wa sentensi. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya mali "kwa mujibu wa sheria". Sasa mpwa akitaka shamba la mpunga Kyela, au la parachichi Njombe, sheria yenyewe inamngoja: kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinasema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Magunia anayo, shamba hana.

Na "wananchi"? Ndilo neno tamu la majukwaani. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Lakini ibara ya 7(2) inaeleza kwamba masharti ya sehemu hiyo, yaani ibara ya 6 hadi 11, hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Aendaye mahakamani na ibara ya 8 peke yake amekwenda shambani na jembe lisilo na mpini. Elimu nayo, ingawa ibara ya 11 inasema "kila mtu", imo humo humo. Kwa hiyo ukishaangalia neno, angalia pia ibara imekaa sehemu gani.

Haki zinazodaiwa mahakamani ni za ibara ya 12 hadi 29. Mlango ni ibara ya 30(3): shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo ipo Mbeya na Iringa pia, kwa kufuata sheria ya mwaka 1994 ya utekelezaji wa haki za msingi. Husikilizwa na majaji watatu. Mabadiliko ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa sharti hilo, shangazi hakuweza kwenda kulalamika tu kwa sababu mambo ya mpwa yamemkera.