Waliosoma Micheweni wanahesabiwa wapi?

Kila takwimu za sensa zikitolewa hupigiwa simu kuulizwa swali lile lile: mbona Micheweni, wilaya ya kaskazini mwa Pemba, watu wazima waliosoma ni wachache, skuli zao zina kasoro gani? Takwimu za elimu ndiyo kazi yangu, na kila mara naumia kulisikia. Jedwali lile halipimi skuli za leo.

Tuanze na umri. Kwa kawaida tunahesabu wenye miaka 25 na zaidi, kwa kuwa wengi wao wameshamaliza masomo. Sensa ya mwisho ilikuwa Agosti 23, 2022. Aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2006 akiwa na miaka saba, siku hiyo alikuwa na miaka 23. Hayumo. Waliomo ni pamoja na wazee wetu. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar Septemba 23, 1964, na aliyekuwa na miaka saba mwaka ule alifika 65 mwaka wa sensa. Waliomzidi umri walikulia zama ambazo skuli zilikuwa chache, na wazazi wengi waliona chuo cha Kurani kinatosha, hasa kwa mtoto wa kike. Hao wote wanajumlishwa kwenye asilimia ile ile.

Lakini kubwa zaidi ni hili: aliyesoma huondoka. Akimaliza kidato cha nne anakwenda mjini Chake Chake, anavuka Unguja, wengine Dar es Salaam. Sensa inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Chukua mfano wa hesabu tu, si takwimu: shehia, yaani eneo dogo la utawala, imezaa watu 100, na 40 wamemaliza kidato cha nne. Katika hao 40 wakihama 25, na katika wasiomaliza wakahama 10, wanabaki watu 65, na waliomaliza ni 15. Asilimia 40 imeshuka mpaka 23, na hakuna mwalimu aliyekosea lolote. Shehia imesomesha, hesabu imekwenda kwa wengine. Ndiyo maana anayenipigia simu namwambia atafute jedwali lililogawiwa kwa umri na kwa mkoa aliozaliwa mtu, siyo anakoishi.

Halafu kuna swali lenyewe linavyoulizwa. Nilikuwa kwenye utafiti wa kaya, kijiji kimoja cha pwani, nikamkuta mama wa makamo anaanika mwani uani.

"Bi mkubwa, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Mie sikusoma, mwanangu."

Nikajaza: hajawahi kwenda skuli. Nikawa nafika swali la kusoma na kuandika, na nakiri kidole kilikuwa kimeshaelekea kwenye "hajui". Akaniambia nisubiri kidogo, mnunuzi anakuja jioni na yeye hajafunga hesabu. Akachomoa daftari kwenye kikapu. Majina ya wenziwe wa kikundi, kilo za kila mmoja, nani kachukua kamba kwa mkopo: Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Alikhitimu msahafu chuoni akiwa mdogo, na khati ile ameitumia maisha yake yote.

Maana ya kujua kusoma na kuandika iliyowekwa na UNESCO tangu 1958 ni kuweza kusoma kwa kuelewa, na kuandika, sentensi fupi nyepesi ya maisha ya kila siku. Haikutaja ni kwa herufi zipi. Tangu siku ile, makarani ninaowafundisha nawataka wabebe karatasi na kalamu, wamwombe mtu aandike sentensi moja kwa khati yoyote aijuayo, kabla ya kujaza chochote. Neno "sikusoma" kwetu lina maana ya skuli peke yake.

Nikamwomba bi mkubwa anisomee ukurasa mmoja. Akausoma bila kusita, akanisahihisha jina la mwenziwe nililolitamka vibaya. Kwenye safu ya kusoma na kuandika nikajaza "anajua". Safu ya kiwango cha elimu ikabaki ilivyokuwa.