Taka Haziishii Dampo

"Gari la taka likishapita, taka zimekwisha." Hii ndiyo dhana potofu mama kuhusu taka, nyingine ni watoto wake. Taka hazijaisha, zimehama mtaa. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa sababu ya moshi, harufu na nzi wa dampo, na mahakama ikawapa haki yao. Jiji likaomba muda, kisha taka zikahamia Vingunguti. Baadaye zikaenda Mtoni, baadaye tena Pugu Kinyamwezi. Tabata ilipumua, lakini nzi walihama tu.

"Waliojenga karibu na dampo wamejitakia." Wapo, lakini si wote. Huko Dandora, Nairobi, machimbo ya mawe yalianza kujazwa taka katikati ya miaka ya 1970, miaka ileile ambayo jiji lilikuwa likigawa viwanja vya makazi Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nani alimfuata mwenzake hapo? Mwaka 2001 jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayakuacha kuja.

"Kero ni harufu, na harufu huzoeleka." Harufu ndiyo nafuu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi jirani na Dandora. Karibu nusu ya waliopimwa damu walikutwa na madini ya risasi kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango cha tahadhari cha wakati ule. Risasi hutoka kwenye betri chakavu, rangi na vifaa vya umeme vilivyotupwa. Humdumaza mtoto akili, na haina harufu yoyote.

"Mlima wa taka umelala tu." Laiti ungelala! Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni maganda, makombo na mabaki mengine ya jikoni. Yakifukiwa pasipo hewa hutoa methani, gesi inayowaka, ndiyo maana moto unaweza kufukuta chini kwa siku nyingi huku juu pakionekana pametulia. Majimaji meusi nayo hupenya ardhini, yakitafuta mto au kisima. Rundo likilemewa, kwa mvua au kwa uzito wake, huporomoka. Dampo la Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, lilifukia watu zaidi ya 110. Kwenye dampo la Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, waliokufa walizidi 30, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao.

"Basi tuchome." Maganda mabichi hayashiki moto vizuri, yanafuka tu, na plastiki ikiungua inaacha sumu kwenye moshi unaovutwa na jirani yako. Hili halihitaji maneno mengi.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba waokota taka ndio wanaochafua. Wao ndio wanaopunguza rundo: chupa, vyuma chakavu na maboksi hupangwa, hupimwa kwa kilo, huuzwa kwa dalali na mwishowe hufika kiwandani. Anayewaharibia ni mimi na wewe tunaomwaga kila kitu kwenye mfuko mmoja. Boksi lililolowa mchuzi wa jana halina mnunuzi, na chupa iliyogandwa na makombo sharti ioshwe kwanza, kazi ambayo hakuna anayeilipia.