Je, Wajua? Kwa Nini Matangazo Mawili Yanaweza Kuleta Pesa Nyingi Kuliko Manane

Mwenye tovuti anapotaka mapato ya matangazo yaongezeke, jambo la kwanza analolifanya, karibu kila mara, ni kuongeza matangazo yenyewe. Ikiwa nafasi mbili kwenye kila ukurasa zimemletea shilingi elfu moja kwa mwezi, yeye hukadiria kwamba nafasi nane zitamletea elfu nne. Hazimletei. Zaweza hata kumletea pungufu ya ile elfu moja aliyoanza nayo, ingawa si papo hapo: kwa siku za mwanzo mapato hupanda kweli, na kupanda huko ndiko kunakofanya dhana hii isitoke vichwani mwa watu.

Matangazo ya muktadha ni yale yanayochaguliwa kwa kuangalia ukurasa unazungumzia nini. Google ilianzisha AdSense, huduma yake ya matangazo ya aina hiyo, mwaka 2003, mwaka huo huo ilipoinunua kampuni ya Applied Semantics kwa dola milioni 102, na tangu hapo mwenye tovuti hubandika kipande cha msimbo kwenye kurasa zake na kuiachia mashine kazi ya kutafuta wenye matangazo. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zinazokubaliwa, kwa hiyo tovuti ya Mombasa inayoandika mapishi ya Pwani au maelezo ya safari haina haja ya kujigeuza ya Kiingereza. Hadi mwanzoni mwa 2024 malipo yalihesabiwa zaidi kwa mibofyo. Siku hizi huhesabiwa kwa mara ambazo tangazo limeonyeshwa, na mwenye tovuti hubakiwa na takriban asilimia 68 ya kile alichotoa mwenye tangazo. Pesa hutumwa salio likishafika dola 100, baada ya kuthibitisha anwani kwa namba ya siri ambayo kwa kawaida, pamoja na maendeleo yote haya, huja kwa barua kwenye sanduku la posta.

Ipo dhana ndogo inayofaa kuondolewa njiani. Watu huzungushiana orodha za maneno yanayosemekana kuwa ghali, yaani ya kuvuta matangazo ya bei kubwa, kama vile bima na mikopo, kisha utakuta maelezo ya kupika mahamri ambayo ndani yake mpishi anashauriwa kukatia jiko bima. Mashine hupima mada ya ukurasa mzima, haihesabu neno limetajwa mara ngapi, na tena huangalia msomaji yuko nchi gani, anatumia lugha gani na amefungua kwa simu au kwa kompyuta. Neno ghali lililopachikwa ndani ya mahamri hubaki kuwa mahamri.

Sasa turudi kwenye nafasi nane. Kila ukurasa unapofunguliwa, kwa kila nafasi ya tangazo hufanyika mnada, nao humalizika kabla msomaji hajamaliza kusoma kichwa cha habari. Ili kuona kwa nini wingi wa nafasi hushusha bei, tuuweke mnada huo ufuoni, asubuhi, mashua inaposhusha samaki. Changu na kolekole wamemwagwa juu ya turubai, dalali anataja bei ya kuanzia, na mbele yake wamesimama wanunuzi wa kila namna: tajiri mwenye gari la barafu anayepelekea hoteli, mchuuzi wa Kongowea, na mama karanga anayetafuta samaki wadogo wa kukaanga jioni. Likiwapo fungu moja, hununua tajiri kwa bei yake. Yakiwapo mawili, la pili humwendea mchuuzi kwa bei iliyo karibu na ile ya kwanza. Yakiwapo manane, dalali hana budi kuteremka mpaka amfikie mtu aliyekuja na sarafu tu mfukoni, na fungu la nane litaondoka kwa bei ya kutupa.

Kufikia hapo hakuna hasara, kwa kuwa bei ya kutupa nayo ni bei. Hasara huanza pale tajiri anapogeuza shingo na kuona kwamba mafungu saba yanasubiri nyuma ya lile la kwanza. Kwa nini atoe bei kubwa sasa hivi, ilhali baada ya dakika chache samaki wa aina ile ile watanadiwa kwa bei ndogo? Hunyamaza, akangoja, na hata fungu la kwanza likashuka bei. Wanunuzi wa matangazo hufanya vivyo hivyo, tena kwa sababu iliyo nzito zaidi: wanachokitaka ni msomaji, si nafasi. Hoteli ya Diani inayotaka kuonekana na mtu anayepanga likizo haijali sana kama itaonekana juu ya makala au katikati yake. Msomaji huyo huyo akinadiwa mara nane ndani ya ukurasa mmoja, inatosha kumnunua pale alipo rahisi.

Tabia hiyo ilipata nguvu mpya mwishoni mwa mwaka 2021. Kabla ya hapo mshindi wa mnada wa AdSense hakulipa bei aliyoitaja, bali alilipa kiasi kinachomzidi kidogo mshindani wa pili, na kwa hiyo hakuogopa kutaja bei kubwa. Baada ya mabadiliko, mshindi hulipa kile hasa alichokitaja. Mashine za wanunuzi zikajifunza upesi kutaja bei ndogo kabisa inayoweza kushinda, na mahali penye nafasi nyingi kuliko wanunuzi, bei hiyo ni ndogo sana.

Mfano wa samaki unaishia hapo, kwa sababu samaki hajali yuko katika fungu la ngapi. Msomaji anajali. Mchukue abiria aliye ndani ya matatu kwenye Daraja la Nyali, mwenye bando la siku moja, anayetafuta kipimo cha iliki katika mahamri. Ukurasa unafunguka, kichwa kinatokea, anaanza kusoma mstari wa kwanza. Ghafla tangazo linawasili na kuusukuma mstari ule chini, anaufuata kwa kidole, tangazo la pili linawasili, kidole kinatua juu yake, na anajikuta kwenye duka la viatu asilolitaka. Ni kweli kwamba Mombasa ndipo zinapotua nyaya kadhaa za intaneti zinazopita chini ya bahari, zikiwemo SEACOM na TEAMS za mwaka 2009, lakini waya wa baharini haumsaidii mtu ambaye simu yake inalazimika kupakua matangazo manane kabla ya kumpa vikombe viwili vya unga. Hurudi nyuma na kufungua tovuti nyingine.

Mbofyo ule wa bahati mbaya nao si faida kama unavyoonekana. Tangu mwaka 2004 Google imekuwa ikipunguza bei ya mibofyo ambayo haielekei kumletea mwenye tangazo mauzo, simu au usajili, na mtu aliyeingia duka la viatu kwa kuteleza kidole hanunui viatu. Kadiri ukurasa unavyoteleza, ndivyo mibofyo yake inavyodharauliwa.

Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi hukitazama kwa makini, nacho ni kuonekana. Kwa kanuni inayotumika sana katika biashara hii, tangazo la picha huhesabiwa kuwa limeonekana ikiwa angalau nusu ya pikseli zake, yaani nukta zinazoiunda picha, zimekuwa kwenye kioo kwa sekunde moja mfululizo. Sekunde moja si kitu, mtu angesema, na bado matangazo ya mwishoni mwa ukurasa hushindwa kuipata, kwa sababu aliyekuja kutafuta iliki huondoka akishaiona iliki. Nafasi yenye rekodi mbaya ya kuonekana hupewa bei ndogo, na wanunuzi wengine huikwepa kabisa.

Tuyatie yote haya katika hesabu ya mfano, kwa tarakimu za kubuni ili njia ionekane. Wanunuzi wanane wanataja, kwa kila maonyesho elfu moja, shilingi 200, 160, 90, 50, 30, 15, 10 na 5. Tovuti ina wasomaji elfu moja, na kila mmoja husoma kurasa mbili. Kwa nafasi mbili, kurasa elfu moja huleta shilingi 360, na jumla ni 720. Mwenye tovuti akiweka nafasi nane, kurasa elfu moja huleta 560, na katika siku za mwanzo, wasomaji wakiwa hawajachoka na wanunuzi wakiwa bado wanaikumbuka tovuti kwa sifa zake za zamani, jumla huruka hadi 1,120. Hapo ndipo mtu humpigia ndugu yake simu kumweleza siri ya mtandao. Kisha msomaji anayesoma kurasa mbili anakuwa wa ukurasa mmoja na kidogo, tuseme 1.2 kwa wastani, na jumla inateremka hadi 672. Wanunuzi nao wakipunguza bei zao kwa moja ya tano, kwa sababu nafasi ni nyingi na hazionekani vizuri, jumla inakuwa takriban 538. Nafasi zimekuwa mara nne na mapato yamepungua kwa robo.

Haifai kuigeuza hesabu hiyo kuwa amri ya nafasi mbili. Google yenyewe iliondoa mwaka 2016 kikomo chake cha matangazo matatu kwa kila ukurasa, ikabakiza sharti kwamba matangazo yasizidi maudhui. Makala marefu juu ya historia ya Fort Jesus, ambayo msomaji huyasoma taratibu hadi mwisho, yanaweza kubeba matangazo manne au matano bila kumchosha mtu, ilhali ukurasa wenye nauli na saa za treni ya SGR kutoka Miritini, unaosomwa kwa nusu dakika, pengine unatosheka na moja. Urefu na aina ya usomaji ndivyo vinavyoamua.

Kinachopandisha bei kwa uhakika zaidi ni kuongeza wanunuzi wanaomgombea msomaji yule yule. Ukurasa unaolinganisha nyumba za wageni za Nyali na Diani huwavuta wenye hoteli, mashirika ya ndege na wakodishaji wa magari kwa pamoja. Ukurasa wa picha za machweo, hata ukiwa na wasomaji mara kumi zaidi, hauna anayeugombea sana. Msomaji aliye Ujerumani anayepanga likizo ya Diani kwa kawaida hununuliwa kwa bei kubwa kuliko msomaji wa Kisauni aliye kwenye ukurasa huo huo, jambo ambalo wengi wetu huku Pwani halitufurahishi, lakini mnada hauulizi maoni. Nafasi ya tangazo nayo ina uzito: baada ya aya za mwanzo, mahali ambapo jicho tayari limetulia, huonekana zaidi kuliko kileleni mwa ukurasa, panapopitwa kwa haraka. Kulificha tangazo lifanane na menyu ya tovuti kumekatazwa, na vivyo hivyo kuwaomba marafiki wa maskani wabofye ili kusaidia. Akaunti hufungwa kwa msaada wa namna hiyo.

Aliyekwisha kuweka nafasi nane na sasa anataka kujua ukweli wa tovuti yake anaweza kuanza kuziondoa kutoka chini kwenda juu, moja moja, akiangalia mapato kwa kila ziara ya msomaji badala ya mapato ya kila nafasi, kwa sababu nafasi iliyoondolewa siku zote itaonekana kama hasara katika safu yake peke yake. Kila hatua ipewe wiki kadhaa, na miezi ilinganishwe kwa hadhari. Desemba wenye matangazo hutumia bajeti zilizobaki za mwaka na bei hupanda, Januari huporomoka, na nafasi iliyoondolewa tarehe 1 Januari itasingiziwa makosa ya kalenda. Kwa tovuti ya mapishi ya Pwani kuna Ramadhani pia, ambapo wasomaji wa vitafunio vya futari huongezeka, nayo hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo Machi ya mwaka mmoja haiwezi kulinganishwa na Machi ya mwaka unaofuata mpaka kwanza ihesabiwe ni siku ngapi za mfungo zimeangukia ndani ya kila mmoja.