Pikapu za saizi ya kati kwenye maonyesho ya magari: yanayoaminika na yaliyo kweli

Kwenye ukumbi wa maonyesho ya magari, Toyota Tacoma, Ford Ranger, Chevrolet Colorado, Nissan Frontier, Jeep Gladiator na Honda Ridgeline huwa zimetengana kwa mwendo mfupi tu wa miguu. Unafungua mlango wa hii, unakaa, unashuka, unavuka zulia na kukaa kwenye ile huku mwili bado unakumbuka kiti ulichokiacha. Muuzaji wa chapa moja hawezi kukupa nafasi hiyo. Ndiyo maana maonyesho kama ya Chicago, yaliyoanza mwaka 1901, bado yanavuta watu ingawa picha na video za kila gari zimejaa kwenye simu.

Kinachonisumbua ni kuona watu wakitoka humo na majibu ya maswali ambayo ukumbi hauna uwezo wa kuyajibu, na kuyapita yale ambayo ungewajibu kwa dakika tano. Pikapu hununuliwa ibebe, ivute, ipite njia mbovu. Aliyechagua vibaya hulijua kosa lake siku ya mzigo mzito wa kwanza, na siku hiyo fedha imeshatoka.

Dhana: "Ile iliyopandishwa jukwaani ndiyo imara kuliko zote"

Makampuni hupeleka kwenye maonyesho matoleo yanayovutia macho: tairi kubwa zenye meno, rangi kali, bampa za chuma, taa juu ya kebini. Mtu akiliona hilo huamini kuwa limeundwa kwa kazi nzito kuliko la kawaida lililoegeshwa pembeni. Kwa kubeba na kuvuta, mara nyingi ni kinyume chake.

Mfano ulio wazi ni Ford Ranger Raptor. Katika masoko mengi nje ya Marekani, Ranger ya kawaida huruhusiwa kuvuta trela la breki lenye uzito wa hadi kilo 3,500, na Raptor kilo 2,500. Chungulia chini yake nyuma utaona sababu mojawapo: Ranger za kawaida zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, Raptor ina springi za koili na shokomzoba ndefu, zilizotengenezwa gari liruke mashimo kwa kasi bila kuvunja migongo ya watu. Chevrolet inafuata mkondo huohuo. Colorado iliyofungwa vifaa vya kuvuta trela inaruhusiwa kilo 3,493, na ile ya ZR2 ya kupita porini kilo 2,722. Springi laini inayomeza mawe ndiyo hiyohiyo inayolala mapema mzigo ukiwekwa.

Sisemi matoleo hayo ni mabaya. Anayeishi mwisho wa njia ya mawe atafurahia Raptor kila siku. Ila kama kazi yako ni saruji na trela la ng'ombe, omba uoneshwe ile isiyopigwa picha.

Na tairi kubwa hazimaanishi kila kitu kiko juu. Nafasi kati ya gari na ardhi hupimwa kutoka sehemu ya chini kabisa, na kwa pikapu zenye ekseli nzima nyuma, sehemu hiyo kwa kawaida ni difu, lile kasha la gia lililo katikati ya ekseli. Ukiinua gari kwa springi ndefu, bodi hupanda lakini difu hubaki palepale. Kinachoipandisha difu ni tairi yenye kipenyo kikubwa zaidi. Kwa hiyo usikadirie kwa kutazama pengo lililo juu ya tairi. Chuchumaa nyuma ya gari utazame difu.

Dhana: "Injini yenye nguvu zaidi ndiyo inayovuta zaidi"

Tacoma ya kizazi cha nne, iliyoingia na toleo la 2024, inamaliza ubishi huu. Injini yake ya kawaida ya lita 2.4 yenye tabo hufika nguvu farasi 278. Ile ya haibridi, yenye mota ya umeme iliyounganishwa na injini hiyohiyo, hufika 326 na msokoto wa takriban nyutoni mita 630. Wengi wangeapa kuwa haibridi ndiyo ya trela. Kikomo cha juu cha Tacoma ya kawaida ni kilo 2,948. Cha haibridi ni 2,722.

Nguvu ya injini ni sehemu moja tu ya hesabu. Fremu, ekseli, springi, breki, upoozaji wa gia na uzito wa gari lenyewe vyote vina kauli, na betri na mota ni uzito ambao gari hutembea nao hata likiwa tupu.

Dhana: "Kijitabu kimesema inabeba kiasi hiki, basi inabeba"

Hapa ndipo ningetaka msomaji atulie, maana sijaona jambo linalopuuzwa zaidi kwenye maonyesho, na ndilo rahisi kulithibitisha.

Tarakimu ya kijitabu ni ya toleo lililobeba zaidi kuliko yote, kwa kawaida lile lenye vifaa vichache. Gari unaloliona mbele yako lina tarakimu yake. Kwa magari yanayouzwa Marekani, fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ambayo mlango hufungia. Kuna lebo ndogo ya tairi na upakiaji inayosema kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo fulani. Kila kitu kilichofungwa kiwandani, kuanzia dirisha la paa hadi viti vya ngozi vyenye mota, kimekula sehemu ya uzito huo, hivyo pikapu mbili za jina moja zilizopangwa bega kwa bega zinaweza kuwa na lebo tofauti kabisa. Kwingineko ambako lebo hiyo haipo, tafuta bamba la chuma lenye uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha utoe uzito wa gari tupu. Uliza pia kama uzito wa gari tupu umeshamhesabu dereva, kwa sababu taratibu hutofautiana.

Sasa piga hesabu papo hapo. Tuseme lebo inasoma kilo 600. Watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja ni 320. Zimebaki 280. Unataka kuvuta trela la kilo 2,500. Trela lililopakiwa vizuri hukandamiza ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na uzito huo huhesabiwa kuwa mzigo wa gari. Kwa asilimia 10 tu, hizo ni kilo 250. Umebakiwa na kilo 30 kwa ajili ya masanduku, maji, zana na kifuniko cha bodi ya mizigo ulichopanga kukinunua. Gari bado halijafikia kikomo chake cha kuvuta, lakini kikomo cha kubeba kimekwisha. Watu wengi hupita mstari huu bila kujua, kwa kuwa walichungulia tarakimu moja kubwa na kuisahau ndogo.

Piga picha lebo ya kila pikapu unayoikagua. Ni jambo la sekunde chache, na ukirudi nyumbani utakuwa na kitu cha kulinganisha ambacho hakuna tangazo lolote lililokupa.

Dhana: "Tarakimu za kuvuta ni porojo za matangazo"

Kulikuwa na wakati ambapo kila kampuni ilijipimia kwa namna yake. Kisha ikaja kanuni ya SAE J2807, ya chama cha wahandisi wa magari, na Toyota ikawa ya kwanza kuifuata kwa matoleo yake ya 2011, wengine wakafuata. Kanuni hiyo inataka gari na trela lake, likiwa na watu wawili wa kilo 68 kila mmoja, lipande mteremko wa Davis Dam huko Arizona, takriban kilomita 18, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, bila kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Tarakimu iliyopita hapo ina uzito wake. Tazama lakini hao watu wawili: familia ya watano yenye mizigo haikuwemo kwenye kipimo.

Nje ya Marekani kuna jambo jingine. Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Volkswagen Amarok, katika matoleo yao mengi ya dabo kebini, zote huandikwa kilo 3,500. Sadfa hiyo inatokana na sheria: kwa Ulaya, huo ndio ukomo wa trela za daraja hilo, na makampuni yameunda magari yafike hapo. Kwa hiyo, hiyo si tarakimu ya kukuchagulia gari. Ulizia uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, kwa sababu mara nyingi pikapu haiwezi kujazwa hadi kikomo chake na papo hapo ikavuta trela la kilo 3,500.

Dhana: "Ridgeline si pikapu, haina fremu"

Ni kweli bodi ya Ridgeline ni kipande kimoja na muundo wake, tofauti na nyingine nilizozitaja, ambazo kebini na bodi ya mizigo zimekaa juu ya fremu ya chuma. Ni kweli pia haina ile seti ya pili ya gia za mwendo wa polepole za kutokea matopeni, na ukomo wake wa kuvuta ni kilo 2,268. Anayevuta mashine nzito apite.

Lakini beba futikamba. Pima upana kati ya vifuniko vya tairi ndani ya bodi ya mizigo. Kwenye Ridgeline utapata sentimita 127, kwa hiyo ubao wa sentimita 122 hulala chini tambarare. Pikapu nyingi za daraja hili zina nafasi ndogo zaidi hapo, na ubao hulazimika kulala juu ya vifuniko. Chini ya sakafu ya bodi kuna buti linalofungwa kwa ufunguo, lenye kizibo cha kutolea maji, na mlango wa nyuma hufunguka chini au kando. Kwa seremala wa mjini, vitu hivi vina thamani kuliko fremu ambayo hataitumia. Mimi ningemshauri aanzie hapo.

Springi za vyuma bapa nazo huitwa za kizamani. Tacoma mpya imehamia koili nyuma kwenye matoleo yake mengi, na Nissan Navara ilifanya hivyo miaka mingi kabla katika masoko mengi. Koili hutuliza safari gari likiwa tupu. Vyuma bapa hubeba, huishikilia ekseli mahali pake, na ni rahisi kuvifanyia matengenezo. Chagua kwa jinsi utakavyoendesha siku nyingi za wiki.

Dhana: "Nimekaa nyuma, nafasi ipo"

Nafasi ya nyuma hutegemea kiti cha mbele kilivyoachwa, na kwenye maonyesho viti hubaki vilivyoachwa na mtu aliyetangulia. Kaa kwanza kwenye usukani, rekebisha kiti kama ungeendesha saa tatu mfululizo, ndipo uhamie nyuma ya kiti hichohicho. Angalia magoti, kisha angalia mgongo: pikapu nyingi za daraja hili zina egemeo la nyuma lililosimama wima kupita kiasi, na hilo huwezi kulijua kwa kukaa sekunde kumi. Kaa dakika tano. Kama una mtoto mdogo na maonyesho yanaruhusu, nenda na kiti chake.

Usilitegemee jina la kebini pia. Tacoma ya sasa inayoitwa XtraCab haina kabisa viti vya nyuma, ina nafasi ya vitu tu. Colorado ya kizazi kilichoanza 2023 inatoka kwa kebini moja ya milango minne na bodi moja fupi ya takriban sentimita 157, hivyo anayehitaji bodi ndefu aende kwa Tacoma au Frontier. Na neno "kati" lisikudanganye kuhusu maegesho: Ranger ya Marekani ina urefu wa takriban mita 5.35 na Gladiator hupita mita 5.5. Pima mahali pako pa kuegesha kabla ya kwenda.

Dhana: "Nilipandishwa kile kilima cha ukumbini, nimeshaijaribu"

Jeep imekuwa ikijenga vilima na magogo ndani ya kumbi za maonyesho, na dereva wake hukupandisha kwa mteremko wa kutisha. Hapo utaona kweli jinsi tairi zinavyopanda na kushuka kila moja kivyake, na pua ya gari inavyokwepa kugusa. Hutasikia kelele za upepo kwenye mwendo wa barabara kuu, hutajua gari linakata kona kwa nafasi gani, hutahisi breki zikiwa na mzigo nyuma. Hayo yanahitaji barabara na siku nyingine.

Wale vijana wenye sare wanaosimama kando ya magari, wengi wao si wauzaji. Wameajiriwa kueleza gari, hawana kamisheni, na hawana sababu ya kukuharakisha. Usiwaulize bei. Waombe wakufungulie mlango wa nyuma wa bodi uone kama unaweza kuushusha na kuupandisha kwa mkono mmoja, wakuoneshe gurudumu la akiba linavyoteremshwa, na wakutajie toleo gani lina lebo yenye kilo nyingi kuliko hilo lililoko mbele yenu. Asiyejua kwa kawaida huita mwenzake anayejua.