Maswali na majibu: kiwewe, na pombe inayoitwa dawa ya usingizi

Kiwewe ni nini?
Ni jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha: ajali, kubakwa, kipigo cha nyumbani, kushuhudia mtu akifa. Wengi hutulia taratibu. Ndoto za tukio lile lile, kushtukashtuka na kukwepa mahali lilipotokea vikivuka mwezi mmoja, njoo kliniki.

Kwa hiyo kila mgonjwa wa akili alipatwa na baya?
Hapana, kurithi nako kumo. Ila jeraha moja huzaa maradhi tofauti: huyu sonona (huzuni nzito isiyomwachia), yule hofu isiyoisha, mwingine ulevi. Aliyeteswa utotoni yuko hatarini zaidi hata kusikia sauti zisizokuwepo. Ndiyo maana tunauliza mambo ya utotoni, si umbea.

Mume wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Mguu umepona, lakini halali mpaka anywe. Si afadhali anywe kidogo?
Hapana. Pombe humlaza, kisha huuvuruga usingizi wenyewe. Saa nane usiku yuko macho, shuka limelowa jasho, na kesho ataongeza kipimo. Mnatuletea mtu baada ya mwaka, ana magonjwa mawili badala ya moja.

Hata mbege? Ni ya asili.
Hata mbege. Mbege ni pombe, gongo ni pombe, na ya baa ni pombe. Akichanganya na vidonge vya usingizi vya kununua bila cheti, pumzi inaweza kukata. Lakini kama anakunywa sana kila siku, msimkatishe ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege. Mleteni.

Tumeanza na maombi, tunasubiri.
Ombeni, sina ugomvi na mchungaji. Mnasubiri nini? Wiki hii hii aje.

Aje wapi, na atapewa nini?
Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, au nendeni hospitali ya Mawenzi kwa wa Moshi, ya Mount Meru kwa wa Arusha. Tiba kuu ni mazungumzo na mtaalamu, kwa awamu. Wengine huongezewa dawa kama sertralini. Haileweshi, na huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo msiitupe siku ya tatu.

Anasema bora afe.
Hapo hakuna kungoja siku ya kliniki. Mpelekeni dharura leo, hata usiku. Asiachwe peke yake, na dawa ya kunyunyizia kahawa iondolewe nyumbani.