Je, wajua kwa nini rufaa inaweza kumwongezea mwanamichezo adhabu?

Mwezi Oktoba 2016, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo yenye makao yake Lausanne, Uswisi, ilitoa hukumu mbili zilizopishana. Mchezaji tenisi Maria Sharapova wa Urusi, aliyekuwa amefungiwa miaka 2 kwa kutumia dawa zilizokatazwa michezoni, alipunguziwa hadi miezi 15, ilhali mkimbiaji wa marathoni Rita Jeptoo wa Kenya, aliyefungiwa miaka 2 vilevile kwa kosa la aina hiyo, aliongezewa ikawa 4.

Tofauti hiyo inaanzia kwa mkata rufaa. Sharapova alikwenda Lausanne kwa hiari yake, lakini Jeptoo alifikishwa huko na shirikisho la kimataifa la riadha, lililoona kuwa adhabu aliyopewa nyumbani ilikuwa nyepesi mno. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa hizo, WADA, nalo lina haki hiyohiyo. Isitoshe, jopo la Lausanne halikagui tu makosa ya waliotangulia. Lina mamlaka ya kusikiliza shauri lote upya, ushahidi na sheria pamoja.

Kwa kuwa dawa ikishakutwa mwilini kosa limekwisha kuthibitika hata kama mhusika hakukusudia, mabishano mengi hubaki juu ya uzito wa uzembe wake. Sharapova alikuwa akitumia meldoniamu, dawa ya moyo, tangu 2006, nayo ikaingizwa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa tarehe 1 Januari 2016 bila yeye kufuatilia. Jopo likasema alikosea, ila si kwa kiwango kikubwa. Jeptoo alikutwa na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, na jopo liliridhika kwamba aliitumia kwa mpango, akimficha kocha na meneja wake. Matokeo yake yote kuanzia tarehe 17 Aprili 2014 yalifutwa, ukiwemo ushindi wa Boston wa mwezi huohuo, na nadhani hilo lilimuuma kuliko ile miaka.

Baada ya Lausanne hubaki Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi, ambayo huingilia kwa sababu chache sana. Mwogeleaji Sun Yang wa China, aliyekuwa ameachiwa na shirikisho lake la kimataifa kabla WADA haijakata rufaa Lausanne, ambako jopo lilimfungia miaka 8, alifanikiwa kwenye mahakama hiyo ya Uswisi Desemba 2020, kwa kuwa maandishi ya mwenyekiti wa jopo hilo mtandaoni yalitia shaka kutopendelea kwake. Shauri likarudishwa kwa jopo jipya, nalo likamfungia miaka 4 na miezi 3.